Fidia ya Vita vya Siku Sita: Jinsi Fedha za Uganda Zinavyomfikia Mtu wa Kisangani

Uganda iliamriwa kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 za Marekani kwa madhara ya vita vilivyoanza mwaka 1998. Hukumu hiyo ilitolewa tarehe 9 Februari 2022 na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, Uholanzi. Fedha ziligawanywa katika mafungu matatu: milioni 225 kwa madhara waliyoyapata watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa. Serikali ya Kongo ilikuwa tayari imeunda mfuko maalumu wa kuzigawa, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama FRIVAO, na makao yake yakawekwa Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo.

Kisangani ilichaguliwa kwa sababu inayojulikana na kila mkazi wake. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yote mawili yakiwa ya kigeni na yaliyowahi kuwa marafiki, yalipigana ndani ya mji huo kwa mizinga. Yalikuwa yameshapambana humo humo mwezi Agosti 1999 na tena Mei 2000, lakini safari hii ilikuwa mbaya kuliko zote. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa ya watu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilitaja raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi wapatao 1,700, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibika kiasi cha kutokalika, shule 69 zilizopigwa na watu 65,000 waliokimbia makazi yao. Hospitali na kanisa kuu havikusalimika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo iliwahesabu waliokufa kuwa kati ya 244 na 760. Tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa mno, na ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha tatizo la fidia: watu walizikwa kwa haraka, mara nyingi uani au kando ya barabara, bila karani wa kuandika majina yao.

Mapigano makali yalikuwa ya kugombania Daraja la Tshopo, upande wa kaskazini wa mji. Daraja hilo ndilo linaloiunganisha Kisangani na barabara ya Banalia na Buta, na komine (wilaya ya mji) ya Tshopo, iliyo karibu nalo, ikawa katikati ya moto. Mji huu hulishwa na vijiji. Muhogo, mpunga, ndizi na mawese huingia kwa barabara hiyo, kwa barabara ya Ituri, kwa njia za Opala na Ubundu, na kwa mitumbwi inayopanda mto kutoka Isangi. Daraja lilipofungwa kwa risasi, mkulima wa ng'ambo hakuweza kuleta mzigo wake sokoni wala kurudi kwake akiwa na chumvi na sabuni. Mbuzi na kuku wakawa chakula cha askari. Katika hesabu zilizotajwa hapo juu mna nyumba na shule, lakini hamna ekari ya muhogo wala mbuzi hata mmoja. Aliyepoteza nyumba ya matofali mjini angalau aliachiwa msingi wa kuonyesha. Aliyepoteza msimu wa kilimo hakubaki na kitu cha kuelekezea kidole.

Kesi yenyewe ilianza kabla ya siku hizo sita. Kongo iliishtaki Uganda tarehe 23 Juni 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilikuwa imevunja sheria ya kimataifa: ilitumia nguvu katika nchi ya mwingine, iliikalia Ituri kijeshi, askari wake walidhuru raia, Kisangani ikiwemo, na ilishindwa kuzuia uporaji wa maliasili. Kongo nayo ilipatikana na kosa kuhusu mashambulizi dhidi ya ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa. Kuhusu kiasi cha kulipwa, majaji waliziachia nchi hizo mbili zikubaliane zenyewe. Miaka 10 ikapita katika mazungumzo yasiyozaa chochote, na mwaka 2015 Kongo ikarudi mahakamani kuomba majaji wapange kiasi wao wenyewe.

Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipata chini ya asilimia 3 ya dai hilo, na wengi mjini Kisangani waliipokea habari hiyo kwa uchungu. Maelezo ya majaji, hata hivyo, yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu yanagusa jambo ambalo kila mhanga anakutana nalo leo mbele ya meza ya karani. Serikali ilikuwa imekusanya maelfu ya fomu za wahanga, lakini nyingi hazikuambatana na ushahidi wa kutosha: hazikueleza nani alitenda kosa, wapi na lini, wala thamani ya kilichopotea ilipatikanaje. Mahakama ilikubali kwamba vita huteketeza hata ushahidi, na kwamba haiwezekani kumdai mtu wa nchi iliyovamiwa nyaraka kama za wakati wa amani. Iliteua wataalamu wanne mwaka 2020, ikapima ripoti za Umoja wa Mataifa, kisha ikatoa kiasi cha jumla kwa kila fungu bila kuhesabu mhanga mmoja mmoja. Kwa hiyo hukumu haisemi popote kwamba roho ya mtu wa komine ya Mangobo au Kabondo ina thamani ya dola kadhaa. Inataja fungu zima, na kazi ya kuligawa imeachiwa Kongo.

Kisheria fedha hizo ni za dola ya Kongo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki husikiliza kesi baina ya nchi na nchi. Raia hana kiti humo, na mjane wa Kisangani hawezi kuidai Uganda chochote kwa hukumu ile. Haki yake inapitia kwa serikali yake. Majaji waliliona hilo. Waliandika ndani ya hukumu kwamba wamepokea kwa furaha ahadi ya mwakilishi wa Kongo ya kwamba fedha zitagawanywa kwa wahanga kwa haki na kwa ufanisi, chini ya usimamizi wa vyombo vyenye wajumbe wa wahanga na wa asasi za kiraia, vikisaidiwa na wataalamu wa kimataifa. Walihimiza pia mfuko ufikirie hatua za kuzinufaisha jamii nzima zilizoathirika. Ahadi hiyo ndiyo kipimo cha mambo yote yaliyofuata.

Malipo ya Uganda yalipangwa katika awamu tano za dola milioni 65, kila tarehe 1 Septemba kuanzia 2022 hadi 2026, na riba ya asilimia 6 kwa mwaka kwa awamu itakayochelewa. Kampala ilisema hukumu haikuwa ya haki, lakini ilianza kulipa mwaka huo huo wa 2022. Jambo hili lisipuuzwe. Tume iliyoamua madai ya vita vya Eritrea na Ethiopia ilitoa uamuzi wake wa mwisho mwaka 2009, ikipanga dola milioni 161 hivi kwa Eritrea na milioni 174 kwa Ethiopia, na hakuna upande uliolipa. Kwa wahanga wa Kongo, fedha zimevuka mpaka kweli, na mlolongo unaobaki unaanzia Kinshasa na kuishia katika kartie, yaani mtaani.

Mlolongo huo, ukitazamwa kwa karibu, ni wa karatasi. Anayedai fidia hufungua dosie, yaani faili la madai. Ndani yake anatakiwa kuonyesha yeye ni nani, alidhurikaje, na ana uhusiano gani na marehemu kama anadai kwa niaba ya aliyekufa. Kila swali kati ya hayo ni zito kuliko linavyosikika. Wakongo wengi hawana kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya mpiga kura, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 na kubadilishwa kila yalipofanyika maandikisho mapya. Mwaka 2000 hakuna aliyekuwa nayo. Jina lililoandikwa hospitalini wakati wa vita huenda liliandikwa kwa tahajia moja, na kadi ya leo ikaliandika kwa nyingine. Jina la baba likakaa mahali pa jina la mwana. Hati ya kifo inahitaji ofisi iliyo wazi, na ofisi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ile ile iliyoleta vifo. Kinachobaki ni mashahidi: jirani, shefu wa kartie, padri au mchungaji aliyeendesha mazishi. Baada ya zaidi ya miaka 20, nao wanapungua.

Kwa mali mambo ni magumu zaidi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya dola. Mtu wa mjini akifuata taratibu zote hupata hati ya usajili, na wanaozimiliki ni wachache. Kijijini shamba hushikwa kwa desturi: ukoo unajua mpaka wake uko kwenye mti gani na kijito gani, na chifu anajua, lakini hakuna karatasi. Mkulima wa barabara ya Buta anapoulizwa hati ya shamba lake, anaulizwa kitu ambacho dola yenyewe haikuwahi kumpa. Kumnyima fidia kwa sababu hiyo ni kumtoza yeye deni la serikali.

Halafu kuna urithi. Wengi waliopaswa kulipwa wamefariki wakisubiri. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa naye alipokuwa hai, robo tatu ya urithi, na sehemu inayobaki inamhusu mwenzi wake, wazazi na ndugu. Fidia inapotoka kwa jina la mtu mmoja, maswali ya nani mtoto na nani mke huamka upya, na baraza la familia linalazimika kukaa. Mara nyingi mjane ndiye anayesukumwa pembeni, kwani ndugu wa mume hudai kwamba aliyekufa alikuwa wao. Mfuko unaolipa bila kumuuliza mjane umechagua upande, hata kama haukukusudia.

Kiasi nacho kinahitaji kuelezwa kwa hesabu ya wazi, maana matumaini yamekuwa makubwa. Ukichukua mafungu mawili ya watu na mali, milioni 265, na kuyagawa kwa watu 65,000 tu, idadi ya waliokimbia Kisangani mwezi ule wa Juni, kila mmoja angepata dola zaidi ya 4,000. Lakini fedha hizo haziihusu Kisangani peke yake. Ituri, iliyokaliwa na Uganda hadi 2003, ina wahanga wengi zaidi. Zipo pia sehemu za Kivu Kaskazini, za Uele na za Ekwateri ya zamani. Wahanga wakifika milioni moja, mgawo unashuka hadi dola 265 kwa mtu. Ndiyo sababu ni lazima kuamua mapema nani anaingia, kwa daraja gani, na kutangaza viwango hadharani. Mtu anaweza kuvumilia kiasi kidogo kilichotangazwa kwa wote. Jirani anapopewa zaidi bila maelezo, uvumilivu huo huisha.

Kuna mifano ya namna ya kufanya. Vita vya Ghuba vilipokwisha, Umoja wa Mataifa uliunda mwaka 1991 tume ya kushughulikia fidia ambayo Iraq ilidaiwa kwa kuivamia Kuwait. Madai yapatayo milioni 2.7 yaliwasilishwa, na tume ililipa zaidi ya dola bilioni 52 hadi awamu ya mwisho mwezi Januari 2022. Watu wa kawaida waliwekwa mbele ya makampuni na serikali. Aliyelazimika kuondoka Iraq au Kuwait alithibitisha safari yake tu, akalipwa kiwango maalumu: dola 2,500 kwa mtu mmoja, 5,000 kwa familia, au zaidi kama alikubali kutodai kitu kingine. Hakuna aliyeulizwa risiti ya kitanda chake.

Mfano wa karibu zaidi uko Bogoro, kijiji cha wakulima na wafugaji huko Ituri kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo, Germain Katanga, mwaka 2014 kwa shambulio hilo, na tarehe 24 Machi 2017 ikatoa amri ya fidia. Majaji walipitia maombi 341, moja moja, wakakubali 297. Madhara yote yalikadiriwa kuwa dola 3,752,620, na Katanga akabebeshwa milioni 1. Hakuwa na kitu, hivyo mfuko wa mahakama hiyo ukaingilia kati, ukisaidiwa na mchango wa Uholanzi. Kila mhanga alipewa dola 250 kama ishara ya kutambuliwa, na wote kwa pamoja wakapangiwa msaada wa makazi, shughuli za kuwapatia kipato, elimu ya watoto na huduma kwa walioumia nafsi. Uchunguzi wa mtu mmoja mmoja ulikuwa wa heshima kubwa, lakini watu 297 tu walikula muda wa miaka. Kisangani haiwezi kwenda kwa mwendo huo.

Kenya nayo inatoa funzo kwa upande wa mashambani. Tangu 2010 wafugaji wa Marsabit wamekuwa wakipata bima ya ukame inayopimwa kwa picha za setilaiti. Malisho ya eneo yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, waliojiunga hulipwa, bila afisa kuhesabu mizoga boma kwa boma. Serikali ilianza mwaka 2015 kuwalipia baadhi ya kaya gharama ya bima ya namna hiyo katika Turkana na Wajir. Vita si ukame, lakini kanuni inahamishika: pale inapojulikana kwamba eneo zima lilipigwa, kuwepo kwa mtu katika eneo hilo siku hizo kutoshe kumpa kiwango cha msingi. Komine ya Tshopo na vijiji vya ng'ambo ya daraja vinajulikana. Ushahidi mzito ubaki kwa wanaodai zaidi, kama vile waliofiwa, waliokatwa viungo, waliobakwa na waliobomolewa nyumba.

Mambo hayakwenda hivyo. FRIVAO iliundwa kwa agizo la serikali la Desemba 2019, kabla ya hukumu, chini ya Wizara ya Sheria, na tangu fedha zilipoanza kuingia wahanga wa Kisangani wamelalamika zaidi ya mara moja kuhusu majina yaliyokosekana kwenye orodha na kuhusu kuchelewa. Pigo kubwa lilikuja mwaka 2025. Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alishtakiwa kuhusu dola milioni 19 zilizotolewa kwa ajili ya kujenga gereza jipya Kisangani, fedha ambazo chimbuko lake lilikuwa fidia iliyolipwa na Uganda. Alijiuzulu mwezi Juni. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasioni mjini Kinshasa ilimhukumu miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa kwa ubadhirifu. Yeye alikana mashtaka hadi mwisho.

Hukumu hiyo inazungumzwa zaidi kama habari ya mwanasiasa. Kwa wahanga, swali zito ni jingine: iliwezekanaje fedha za waliofiwa kuelekezwa kwenye ujenzi wa gereza? Gereza ni hitaji la kweli, kama zilivyo shule, zahanati na barabara, ila hayo ni majukumu ya bajeti ya kila mwaka. Jengo likijengwa kwa fedha za fidia, mtoto wa aliyedhurika na mtoto wa asiyedhurika huingia kwa mlango mmoja, na aliyekatwa mguu na kombora haoni alicholipwa. Kauli ya majaji kuhusu kuzinufaisha jamii nzima haiwezi kusomwa hivyo. Walisema hatua hizo zifikiriwe pia, yaani pamoja na malipo ya wahanga. Mahali pa hatua hizo panaonekana kwa urahisi: matibabu ya bure kwa wenye vipande vya chuma mwilini, kaburi la heshima kwa waliozikwa uani, mbegu na mifugo kwa vijiji ambavyo hasara yake haiwezi kugawanywa kwa majina.

Upande mmoja wa vita vile umebaki nje kabisa. Azimio namba 1304 la Baraza la Usalama, la tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu baada ya mizinga kunyamaza, lilisema kwamba Uganda na Rwanda zote zinapaswa kulipa kwa roho na mali za raia wa Kisangani. Lakini tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Hivyo hukumu ya 2022 inahusu wajibu wa Uganda peke yake, na hakuna senti ya Rwanda ndani ya milioni 325. Mtu aliyekuwa chini ya kitanda chake tarehe 7 Juni hakuona nani amerusha kombora lililobomoa ukuta, na kumtaka alithibitishe ni kumtaka lisilowezekana.

Kwa madhara yasiyoingia katika fungu la Uganda upo mlango wa pili. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 inawapa haki ya fidia waliofanyiwa ukatili wa kingono wakati wa vita na wahanga wa uhalifu dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na mfuko wake, FONAREV, unapata sehemu ya mrabaha wa madini ya Kongo. Mifuko hiyo miwili ina orodha zake na ofisi zake, na mhanga wa Kisangani anayekataliwa na mmoja hulazimika kuanza upya kwa mwingine, kwa dosie mpya na mashahidi wale wale. Orodha hizo zikilinganishwa jina kwa jina, itajulikana nani amelipwa mara mbili na nani hajaandikwa popote. Kazi hiyo haihitaji hukumu nyingine kutoka The Hague, na inaweza kufanywa kabla ya awamu ya mwisho ya Uganda, ya tarehe 1 Septemba 2026.